Ukuta Uliozeeshwa kwa Makusudi

Sebuleni kwangu, hapa Tanga, kuna ukuta mmoja ambao wageni huutazama, wakaendelea na mazungumzo, kisha wakaugeukia tena. Mama alipouona kwa mara ya kwanza aliniuliza kwa sauti ya huruma, “Mwanangu, mvua za masika zilivujia hapa?” Nilimweleza kwamba hakuna kilichovuja, na kwamba ule ukungu wa rangi ya udongo aliokuwa akiuona juu ya kochi ni kazi ya siku tisa niliyoifanya kwa mikono yangu, ili ukuta wa matofali ya saruji uliopigwa lipu miaka sita iliyopita uonekane kama umeishi zaidi ya kizazi kimoja. Mama hakusema kitu, ila usiku ule nilimsikia akimwambia dada yangu kwenye simu kwamba nyumba inahitaji fundi.

Wazo hili nililipata Unguja, katika vyumba vya nyumba za zamani za Mji Mkongwe, ambako kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kusiribwa kwa chokaa. Chokaa haipakwi kama rangi ya dukani, iliyo nzito na inayoficha kila kitu kwa mkono mmoja au miwili, yaani ikipakwa mara moja au mbili. Hupakwa ikiwa majimaji, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, na inapokauka huvuta hewa ya ukaa na kurudi polepole kuwa jiwe kama ilivyokuwa kabla ya kuchomwa tanuuni. Nyumba ikipakwa tena na tena, mwenye nyumba wa kwanza akipenda nyeupe na mrithi wake akitia buluu au manjano, ukuta hujaa matabaka. Baadaye unyevu, chumvi na mabega ya wapitao hubandua hapa na pale, na rangi ya babu ikachungulia chini ya rangi ya mjukuu. Nilichokipenda katika kuta hizo si uchakavu wenyewe, bali ile hali ya jicho kuona ndani ya ukuta badala ya kukomea juu yake.

Kwa ukuta wa saruji, njia ya kuiga kina hicho ni glezi, yaani rangi kidogo iliyochanganywa katika kimiminika kisicho na rangi, ikabaki angavu kiasi cha kuiacha rangi ya chini ionekane. Rangi hiyo ya chini ndiyo inayoamua kama kazi itafaulu. Fundi rangi mmoja niliyemwuliza alinishauri nitumie rangi ya maji ya kawaida isiyong'aa, na nusura nimsikilize, lakini rangi hiyo hunyonya kama udongo mkavu: glezi ikiigusa tu hunaswa, wala huwezi tena kuisogeza au kuifuta, na kinachobaki ni mabaka. Panahitajika rangi ya silki, yenye mng'ao mdogo, ili glezi iteleze juu yake kwa dakika chache kabla ya kushika. Nilipaka mikono miwili ya rangi ya maziwa, baada ya kuziba nyufa kwa puti na kupiga msasa, nikaiacha ikauke siku nzima.

Glezi ya tayari sikuipata madukani, kwa hiyo nilijitengenezea. Nilichukua sehemu nne za vanishi ya maji isiyong'aa na sehemu mbili za maji, kisha nikatia rangi kutokana na oksaidi za unga, zile zile ambazo mafundi hutia kwenye sakafu nyekundu za saruji. Nyekundu, manjano na nyeusi zinatosha. Zikichanganywa kwa vipimo tofauti hutoa hudhurungi zote ambazo ukuta wa kale unaweza kuzitamani. Unga haumwagwi moja kwa moja kwenye ndoo, kwa maana huganda madonge. Huvurugwa kwanza kwa maji kidogo mpaka uwe uji, kisha uji huo huchujwa kwa kitambaa. Mimi nilitumia kipande cha khanga kuukuu. Kwa kuwa joto la pwani hukausha mchanganyiko huu haraka mno, niliongeza gliserini ya duka la dawa, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, ambayo huchelewesha kukauka. Ukiizidisha, ukuta hubaki unanata na kukusanya vumbi.

Upakaji wenyewe ni kazi ya kuondoa kuliko kuweka. Kwa brashi ya inchi nne nilipaka glezi kwa mikwaruzo inayokatizana, eneo lisilozidi mita moja kwa mita moja, halafu papo hapo nikaifuta kwa kitambaa laini cha pamba kilichokunjwa ovyo, nikikigeuza kila baada ya miguso michache ili kisianze kurudisha rangi kilichokwisha kuinyonya. Ukingo wa eneo hilo huachwa bila kufutwa, mbichi, ili eneo linalofuata liungane nao kabla haujakauka. Hapo ndipo nilipoharibu. Siku ya kwanza feni ya dari ilikuwa inazunguka, nami nikateremka ngazi katikati ya ukuta kwenda kupokea mtungi wa gesi mlangoni. Niliporudi, ukingo ulikuwa umeshika, na glezi mpya ilipoupanda ikaacha mstari uliokolea rangi kutoka juu hadi chini, ulionyooka kama uliopigwa kwa timazi. Mstari wa namna hiyo haufutiki. Nilirudia rangi ya maziwa ukuta mzima, nikazima feni, na siku iliyofuata nikamwita mpwa wangu tufanye kazi wawili, mimi nikipaka na yeye akifuta, bila kusimama mpaka tukafika kona.

Tabaka la kwanza lilikuwa la manjano iliyopauka, na la pili, siku moja baadaye, la hudhurungi yenye wekundu kidogo. Matabaka mawili hafifu hushinda moja zito kwa mbali. Sponji sikuipenda kabisa: huacha alama zinazofanana, na ukuta ukaishia kuwa ngozi ya chui.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni mahali pa kuweka uzee. Ukuta hauchakai sawasawa. Huwa mzito wa rangi kwenye kona na chini ya dari, ambako vumbi na moshi hukaa bila kuguswa. Hupauka mkabala na dirisha. Hulika kwenye usawa wa bega na mgongo wa kiti. Nao unyevu hupanda kutoka sakafuni na kuishia katika mstari usio sawa. Nilifuta sana katikati, nikaacha glezi zaidi pembezoni, na karibu na swichi nikagusa kwa brashi iliyokauka nusu. Mpwa wangu, ambaye alikuwa amenogewa na kazi, alitaka kuongeza nyufa za kuchora. Nilimkataza.

Wanaoishi katika nyumba halisi za mawe ya matumbawe wasitumie glezi ya vanishi kama hii. Kuta hizo hupitisha unyevu, na ngozi yoyote ya plastiki juu yake huufungia ndani mpaka lipu ibanduke. Kwao inafaa chokaa iliyotiwa oksaidi, ambayo huzeeka vizuri bila msaada wa mtu. Hata ukuta wa saruji, ikiwa mchanga wake ulitoka ufukweni bila kuoshwa, utatoa chumvi nyeupe ya unga, na chumvi hiyo huisukuma rangi yoyote iliyo juu yake. Wangu niliupiga brashi kavu na kuuangalia majuma mawili kabla ya kununua hata kopo moja.

Mwishoni nilipaka mkono mmoja wa vanishi ile ile isiyong'aa, bila rangi, ili ukuta uweze kupanguswa kwa kitambaa chenye maji. Glezi iliyobaki nimeihifadhi kwenye chupa ya jemu pamoja na ubao niliojaribia rangi, ambao nyuma yake nimeandika vipimo kwa penseli, kwa sababu ukumbi wa kuingilia nao una ukuta mweupe mno.