Nilivyotoka kwenye bwawa la kuogelea mpaka kwenye baraza la madiwani

Naandika hii kwa ajili ya mwanamichezo yeyote mwenye ulemavu anayewaza kugombea, maana mi wakati naanza nilitafuta mtu wa kunielekeza nikakosa, kila niliyemuuliza alikuwa anajua siasa au anajua michezo, anayejua vyote viwili na mwili kama wangu hakuwepo karibu.

Mi naogelea na mguu mmoja, mwingine umekatwa juu ya goti. Nimekuwa bingwa wa taifa wa fristaili, yani mtindo huru, kwenye klasi ya S9, klasi ni kundi la waogeleaji ambao ulemavu wao unalingana. Kwa wasiojua, S1 mpaka S10 ni ulemavu wa viungo, namba ikiwa ndogo ulemavu ni mkubwa zaidi, S11 mpaka S13 ni wa macho na S14 ni wa akili. Hiyo namba hujichagulii. Unalazwa kitandani wanapima nguvu za misuli, viungo vinakunjika kiasi gani, uratibu wa mwili, kama kuna kiungo kimekatwa wanapima urefu wa kilichobaki, halafu unaingia majini wanakuangalia unavyoogelea, halafu siku ya mashindano wanakuangalia tena. Ni kazi ya kuchosha na wengine wanaona inadhalilisha ila mi naipenda, na sababu yake ni hii: ukishathibitishwa klasi yako maswali kuhusu mwili yanaisha. Unapanda kwenye kizimba cha kurukia, mlioko pale mmeshapimwa wote, kinachobaki ni saa tu. Hakuna anayekuuliza kama utaweza.

Sasa siasa haina kitu hicho, na hili ndo lilinipa kazi kuliko kutafuta hela au wadhamini. Kila mkutano unapimwa upya, na wanaokupima hawana kipimo. Mmoja anakwambia pole sana mwanangu kwa nini usipumzike, mwingine anauliza utazungukaje kata nzima, halafu kuna wale wanaosimama wanapiga makofi kwa nguvu kabisa wakisikia habari za medali, wanataka kupiga picha na wewe, na hao mi niliwaogopa zaidi maana unaondoka pale moyo umejaa kumbe hakuna hata mmoja aliyesikia umesema nini kuhusu maji au zahanati. Mtu anaweza kukushangilia kwa dhati kabisa na kura akampa mwingine, kwake wewe ni wa kushangiliwa na yule mwingine ndo wa kumletea barabara.

Kwa hiyo nilichofanya, na ndo kitu kilichonisaidia kuliko vyote, nilijipa klasi mwenyewe mbele ya watu. Dakika ya kwanza tu nikishika maiki nasema: shikamooni wazee wangu, mambo vijana, mguu huu ulikatwa juu ya goti, natembea na wa bandia, ukinichosha natumia magongo, kazi ya diwani ni kusoma bajeti, kukaa vikaoni na kusikiliza watu na hayo yote nayaweza, mwenye swali la mguu aulize sasa hivi. Halafu nanyamaza kweli. Kama kuna swali najibu bila kukasirika, hata likiwa la ajabu, mama mmoja aliniuliza nalalaje nikamjibu. Yakiisha nasema haya tumemaliza la mguu, sasa tuongelee mitaro. Na hapo wanaongea jamani! Wanabishana na mi, wananikatalia, wananiambia hiyo hesabu yako ya mitaro siyo, yani wananichukulia kama mgombea. Medali niliziacha nyumbani kampeni nzima, na kwenye bango hazikuwepo, timu yangu ilinuna lakini nilishikilia hapo hapo.

Kilichonitia moyo ni kwamba wapo waliopita njia hii. Teresa Perales wa Hispania alipoteza uwezo wa kutembea akiwa na miaka 19, akaanza kuogelea, akaenda Paralimpiki, yani olimpiki ya watu wenye ulemavu, ya Sydney 2000, na mwaka 2003 akaingia bunge la jimbo la Aragón. Hakuacha kuogelea, medali zake za Paralimpiki zimefika 28 mpaka Paris 2024. Uingereza yupo Chris Holmes, alipofuka akiwa na miaka 14, akachukua dhahabu 6 Barcelona 1992, na tangu 2013 yuko kwenye baraza la juu la bunge lao, yule aliteuliwa hakupigiwa kura kwa hiyo hadithi yake ni tofauti na yangu lakini nilimsoma sana. Nilichojifunza kwao ni kwamba mwili uliozoea ratiba kali unaweza kubeba na siasa, ila lazima uupangie.

Na hapo kwenye mwili nataka nikae kidogo, maana hakuna anayeliongelea. Bwawani mguu wa bandia hauruhusiwi kwenye mashindano, unauvua pembeni unaruka kwa mguu mmoja mpaka kizimbani, kigutu kinapumua, maji yanakubeba. Kwenye kampeni ni kinyume chake, umeuvaa kuanzia asubuhi, jasho, joto, kigutu kinavimba kinabana ndani, na ukipata kidonda kimoja tu umekaa ndani siku kadhaa wakati wenzako wanazunguka. Mi nilipanga hivi, nyumba kwa nyumba ni asubuhi kabla ya jua, mchana nauvua mguu nalala kigutu kikiwa kimeinuliwa, jioni ni vikao vya kukaa. Soksi za kigutu nabeba za kubadilisha. Siku ambayo ngozi imewasha nilitoka na magongo hadharani. Wapo kwenye timu walioniambia picha ya magongo inaonyesha udhaifu, nikawaambia mi nimeonekana bila mguu mbele ya majukwaa yaliyojaa watu tangu nikiwa mdogo, sitaanza kuficha leo, na mpiga kura akiniona na magongo wiki ya kampeni hatashtuka akiniona nayo kwenye kikao. Wiki ya mwisho nikapunguza mizunguko kama kocha anavyopunguza mazoezi kabla ya shindano, wengine wanaongeza mi napunguza, siku ya kura nilikuwa mzima kabisa.

Nikashinda. Halafu ikaja nyingine ambayo sikuitegemea, wakubwa wakataka niingie kamati ya watu wenye ulemavu, basi. Naheshimu ile kamati na nipo kwenye hiyo kamati, lakini nilisema naingia kama napewa na ya fedha pia, kwa sababu ngazi, rampu (njia ya mteremko badala ya ngazi), vyoo, usafiri, vyote vinaamuliwa pale hela inapogawanywa. Nilikwenda na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 mkononi, ibara ya 29 inazungumzia kushiriki siasa kwa usawa na wengine, kupiga kura na kuchaguliwa. Soma hiyo ibara uijue vizuri kabla hujachukua fomu, itakusaidia kwenye vikao kuliko hadithi yoyote ya maisha yako.

Ibara hiyo hiyo inataka vituo vya kupigia kura vifikike. Siku ya uchaguzi nilipanda ngazi kwenda kujipigia kura, mi nilipanda, mwenye kiti cha magurudumu nyuma yangu alibebwa na vijana wawili. Hoja ya kuhamishia vituo vyote chini ndo nimeiwasilisha sasa, iko kamati ya fedha, wameniomba orodha ya majengo na gharama za rampu na ndo nazunguka kuyapima.