Siku moja maishani mwangu: shifti ya wazee Irving, Texas, na mechi ya bega

Saa 10 na nusu alfajiri niko macho, chai ya rangi, yunifomu, barabarani. Niko Dallas mwaka wa sita sasa, nalea wazee kwenye kituo kimoja huku Irving, na nyumbani hii kazi wanaiweka kwenye fungu la kubeba boksi. Sawa, ila boksi langu mimi lina jina, lina maumivu na linaona aibu ukilivua nguo, ndo maana nimeamua kuandika.

Saa 12 mpaka saa 3: wazee nane, kugeuza, kubadilisha pampasi, kuogesha, kuvalisha, kupima presha, kupeleka chai.

Saa 3 na robo naingia kwa Mzee. Ana miaka 81, kiharusi kimelaza upande wake wote wa kushoto, na hilo neno "mzee" nilimfundisha mimi na maana yake, sa hivi ukimwita vingine haitiki vizuri. Leo kagoma kuoga. Kaweka mkanda wa mechi ya mpira wa Kimarekani, Cowboys, timu ya hapa Dallas, na Giants, ya tarehe 2 Januari 1994 na kila nikisogeza kiti cha kuogea ananiinulia kidole, "ngoja, bega bado". Nina wengine wawili wanasubiri bafu, supavaiza ananiita kwenye redio, jasho linanitoka, na mtu mzima huwezi kumlazimisha kuoga, hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa nisingefanya, yule ni baba wa watu. Nikakaa.

Bega lenyewe ni la Emmitt Smith, namba 22. Kwa wasiojua, alikuwa rani beki, yule anayekabidhiwa mpira mkononi halafu apenye katikati ya majitu ya kilo 130. Yeye sentimita 175 tu, mwaka 1990 timu za ligi zilipochagua wachezaji wapya, 16 walichaguliwa kabla yake, watu wakisema mfupi, hana spidi. Siku hiyo kabla ya mapumziko kakimbia yadi 46 (yadi moja haifiki mita), kaangushwa, bega la kulia likateguka. Akarudi kucheza! Mzee anahesabu kwa sauti, mara 32 kakimbia na mpira, mara 10 kadaka pasi, jumla yadi 229, Cowboys wakashinda 16-13 kwenye muda wa nyongeza. Saa nzima na nusu imekwenda na hasira nilikuwa nazo kweli, ila nikaona muda wote ule mkono wake mzima umeushika ule uliolala, nikanyamaza. Mkanda ulipoisha akanizungushia mkono shingoni mwenyewe, "haya twende".

Saa 8 mchana nilitakiwa niondoke. Wa kunipokea hakuja, hakupiga simu, nikaambiwa niunganishe mpaka saa 4 usiku. Nilivyomwambia Mzee akanipa stori ya 1993: Emmitt hakuelewana na timu kwenye mshahara, mechi mbili za kwanza hakucheza, zote wakafungwa, wakamlipa akarudi, na msimu ulipoisha wana Super Bowl, ndo fainali ya ligi, yeye mchezaji bora wa ligi na wa fainali hiyo hiyo. Akaniuliza, nyie mkikosekana hapa siku mbili itakuwaje? Sikumjibu, nilikuwa nawaza yule bibi wa chumba cha mwisho ambaye bila watu wawili hageuki.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri, ni mgongo tu unauma, kengele zinalia, huyu kadondosha maji, yule anamlilia mama yake aliyekufa zamani na inabidi umshike mkono mpaka atulie. Kuna muda nikajikuta napiga hesabu nyuma ya karatasi ya ripoti. Emmitt ana yadi 18,355 za kukimbia na mpira, rekodi ya ligi haijavunjwa mpaka leo, kazipata kwa kukimbia mara 4,409 ndani ya misimu 15. Yani kila mara ni kama mita 3.8, toka kitanda cha Mzee mpaka mlango wa bafu. Ukijumlisha zote hazifiki kilomita 17, kule Dar ni Kimara mpaka Kivukoni na ushee, wewe unapanda mwendokasi unafika, mwenzako katumia miaka 15 kwa sababu kila hatua chache anaangushwa na anaamka. Hicho ndo nakiheshimu kwake kuliko vikombe. Hata ile siku ya rekodi, 27 Oktoba 2002, alipompita Walter Payton aliyekuwa anaishikilia kwa yadi 16,726, mbio yenyewe ilikuwa ya yadi 11, karibu adondoke, mkono ukagusa chini, akajishikilia akaendelea. Ilikuwa hapa hapa Irving, Texas Stadium, uwanja walioulipua 2010, Mzee alikuwepo jukwaani na marehemu mkewe.

Usiku nimemlaza, nimempangia mito, nimemfunika. Akaniuliza kesho naingia saa ngapi. Nikamwambia saa 12, na kesho tunaoga kwanza. Akafikiri kidogo. Akasema sawa, tunaoga kwanza, halafu mimi nakaa naye tuangalie ya 2002 mpaka mwisho. Tumepeana mkono.