Begi dogo la uwanja wa shabaha: nilivyojiandaa kwa mafunzo ya kwanza ya bunduki, Sikonge, mkoani Tabora

Barua ya kuitwa kwenye mafunzo ya askari wanyamapori wa kijiji ilitaja nguo, shuka, chandarua, sahani na kikombe. Masikio, macho na viwiko havikutajwa, na hivyo ndivyo vinavyoamua risasi iende wapi. Nikafunga mizigo miwili. Begi kubwa la kambini silielezi sana. Aliyewahi kulala porini upande wa Ipole anajua kulipanga. Kazi ilikuwa kwenye begi dogo la uwanja wa shabaha.

Kila kitu nilikipima kwa swali moja: kitanisaidia kulala kifudifudi nimetulia dakika kumi, bila kujikuna wala kujisogeza? Utulivu una hesabu yake. Kwenye bunduki ambayo alama ya nyuma na ya mbele za kulengea zimeachana sentimita 60, alama ya mbele ikihama milimita 1 tu, risasi inakwenda pembeni karibu sentimita 17 kwenye shabaha ya mita 100. Kiwiko kinachochomwa na kokoto kinahamisha zaidi ya hapo.

Nilianza na masikio. Mlio wa bunduki ya risasi unazidi desibeli 140, na kwa sauti ya ghafla ya kiwango hicho hata mlio mmoja unaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Pamba haitoshi kuuzuia. Nilinunua viziba masikio vya sponji jozi sita, kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Tabora, pamoja na vifuniko vya masikio vya mafundi wa mashine za kusaga chuma. Vyote viwili vinavaliwa kwa pamoja. Kiziba cha sponji kina namna yake: kisokote kwa vidole vikavu hadi kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kikivimba. Wengi hushindwa kwenye sekunde hizo. Wanaachia mapema, kiziba kinajitoa nusu, na mtu anaanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga kwa kuuogopa mlio. Kufumba huko kunaonekana kwenye shabaha: risasi zinaangukia chini.

Miwani nayo nilipata duka lilelile, ile ya kioo cheupe inayofunika hadi pembeni. Ya jua haifai asubuhi, maana alama ya mbele inapotea kwenye kivuli.

Kuhusu nguo, nilichagua kaki na kijani kilichopauka. Bluu na nyeusi niliziacha nyumbani, kwa sababu ndorobo wanavutwa na rangi hizo. Hata mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Ndorobo akikuuma shingoni ukiwa umelenga, huwezi kutulia hata ungekuwa na moyo wa chuma. Shati liwe la mikono mirefu na kola, na kifungo cha juu kifungwe. Ganda la risasi likitoka kwenye bunduki ya jirani huwa la moto, na likiingia kifuani mtu huruka na kugeuka akiwa bado ameshika silaha. Hiyo ni hatari kubwa kuliko ule moto wenyewe. Kwenye viwiko nilishona viraka vya jinzi kuukuu, tabaka mbili, upana wa kiganja, na ndani ya bega la kulia tabaka moja la taulo. Moja linatosha. Ukijaza mengi, kitako cha bunduki kinateleza, kinakaa kwenye mfupa badala ya kwenye bonde la bega, na teke lake linaumiza zaidi.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni vifuko viwili vya turubai nilivyoshona mwenyewe, kila kimoja sentimita 15 kwa 25, mdomo mmoja wazi wenye kamba. Vinasafiri vitupu, havina uzito. Ukifika unajaza mchanga robo tatu, unafunga. Vikijazwa hadi juu vinakuwa vigumu kama jiwe na bunduki inadunda. Robo ikibaki tupu, kifuko kinabonyea na kuikumbatia mbao ya mbele ya bunduki, ile iliyo chini ya mtutu. Kinachoegemezwa ni mbao. Mtutu ukiegemea kitu, risasi hubadilisha mahali pa kupiga.

Vya kusafishia vilikaa kwenye ndoo ya lita 4 yenye mfuniko, mbali na chakula: fulana nyeupe ya zamani iliyokatwa vipande vya sentimita 4 hivi, mswaki wa meno uliochakaa, kichupa cha mafuta ya bunduki na sabuni ya kipande. Mafuta yawe kidogo. Vumbi la Sikonge wakati wa kiangazi ni jembamba kama unga, na likikutana na mafuta mengi linageuka tope la kusaga chuma. Kabla ya kupiga, ndani ya mtutu pafutwe pawe pakavu. Kwa bunduki ya bolti, yaani kile chuma cha nyuma kinachovutwa kwa mkono kuingiza risasi, ondoa bolti na upitishe ufito wa kusafishia kutoka nyuma, kwa sababu ukiingizia mbele unaweza kuukwaruza mdomo wa mtutu, na mdomo ukiharibika bunduki haipigi sawa tena.

Sabuni ni ya mikono pia. Moshi na vumbi la risasi vina madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu, na sisi tunakula ugali kwa vidole. Nawa kwa maji baridi na sabuni kabla hujagusa tonge, na usile chochote uwanjani. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na chupa ya asali nilivifunga kwenye begi kubwa, asali ndani ya mifuko miwili, kwa sababu ikivuja sisimizi na nyuki watahamia kambini kwako. Maji nilipanga lita 4 kwa siku.

Wiki tatu kabla ya safari nilivaa buti kila jioni hadi zikalainika. Nilishika dumu la lita 3 kwa mkono ulionyooka, mara tano kwa nusu dakika, kuzoeza bega. Jicho nalo nililijaribu mapema: nyoosha mikono, viganja viache tundu dogo katikati, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja moja. Jicho ambalo bado linakiona kitu ndilo linalotawala. Likiwa la kushoto nawe unatumia bega la kulia, mwambie mkufunzi siku ya kwanza: "Afande, jicho langu ni la kushoto." Ukinyamaza utapoteza siku mbili ukitafuta kosa kwenye bunduki.

Silaha na risasi hazibebwi kutoka nyumbani, na gobole la mzee lisikaribie begi hilo kabisa. Siku ya kurudi, kabla ya kupanda basi, nilipindua kila mfuko wa suruali, wa shati na wa begi, nikakung'uta hata vile vifuko vya mchanga. Risasi moja iliyosahaulika mfukoni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na polisi wa kizuizi cha barabarani hawezi kujua kwamba uliisahau.