Elfu Arobaini za Viboko

Kutoka Kigoma mjini hadi Uvinza sina la kusimulia, ila siti ya dirishani niliyoilipia nilikuta imekaliwa na mama mwenye ndoo za mawese, na konda akaniambia, "Kaka, si wote tunafika?"

Kilichoniuma ni mtumbwi. Mzee mmoja mvuvi alitaka elfu arobaini anipeleke Mto Malagarasi nikaone viboko. Nilibembeleza weee, hakushuka hata mia. Nikajipa moyo: ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, huko juu mtoni, ndiyo ya kwanza Tanzania kuingia kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000. Viboko watakosekanaje?

Walikosekana. Jioni nzima mbung'o wananitoboa mgongo juu ya shati, na kiboko hata wa dawa hakuna. Nilipoanza kudai chenji, mzee akaacha kupiga kafi. "Mwanangu, punguza maneno. Tazama chini ya tawi lile."

Nikaona majani yaliyoinamia maji, basi. Kisha jicho: kubwa, jeusi, limezungushiwa weupe kama miwani. Pole pole kichwa cheusi kikajitokeza, shingo rangi ya kutu, miguu ya njano. Ndege wa ukoo wa yangeyange, lakini mfupi, nusu mita hivi, amejikunyata hatikisiki. Ningenyoosha kafi ningemgusa.

Ni kulastara wa usiku mwenye mgongo mweupe. Ameenea sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, ila waliomwona ni wachache, kwa kuwa mchana kutwa hujificha kwenye kivuli kizito na giza likiingia ndipo hutoka kutafuta samaki, vyura na wadudu. Binamu yake mwenye utosi mweusi hutaga kwa makundi, makelele mtindo mmoja. Huyu mambo yake ni ya siri: wawili tu, tago la vijiti juu ya maji, mayai mawili au matatu.

Mgongo mweupe wenyewe sikuuona mpaka aliporuka. Akitua, mabawa huufunika. Kwanza alikoroma, sauti nzito, kavu, nikashtuka mtumbwi ukayumba.

Kwetu Pangani sauti za namna hiyo zikitoka kwenye mikoko usiku, bibi alitufungia mlango: mchawi anapita. Na ndege huyu mikokoni pia anaishi. Bibi ni marehemu, siwezi kubishana naye. Lakini nawaza ni mara ngapi tulijifunika shuka gubigubi kwa ajili ya ndege anayetafuta chura.

Tulipofika ufukoni mzee akadai elfu tano nyingine, ya kusubiri giza. Nikamuuliza, na viboko wangu je?

"Wapo, mwanangu. Leo walikuwa chini ya maji."