Naamani na Kikombe cha Kila Siku

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni 2 Wafalme 5:9-14.

Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, alifika mlangoni kwa nabii Elisha na farasi na magari yake, nabii asitoke hata kumsalimia. Akamtuma mjumbe tu: nenda ukaoge Yordani mara saba. Jemadari akapandwa na hasira. Mstari wa 11 unaonyesha alichokitarajia: nabii atoke, asimame, aliitie jina la BWANA, apitishe mkono mahali penye ugonjwa, yaishe. Alitaka maombezi, akapewa maji ya mto, tena mara saba.

Mistari hii imenikalia moyoni kwa sababu ya vijana wetu wa unga. Karibu kila ukoo una wake. Tunazijua sufuria zilizoishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na tunajua jinsi mikoba inavyovutwa karibu mmoja wao akiingia kanisani. Tusichokijua sana ni kinachomtokea mwilini. Heroini ikishatumika kwa muda, ubongo huizoea na kuitegemea. Akiikosa kwa saa kadhaa, arosto inaanza: miayo, kamasi, machozi, vinyweleo kusimama, kisha kuhara, kutapika na maumivu ya mifupa. Akifika hapo hatafuti starehe tena, anatafuta nafuu ya kuweza kusimama. Makali hayo hupungua baada ya wiki hivi, lakini hamu hubaki miezi, hata miaka, na kupita tu maskani ya zamani kunatosha kuiamsha.

Huduma ya methadoni, dawa ya kumtibu aliyeshikwa na heroini, ilianza hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Ni dawa ya maji. Asubuhi kijana anapanga foleni, anafika dirishani, anapokea kikombe na kunywa muuguzi akimtazama, kisha anasemeshwa ili ihakikishwe amemeza. Dozi ikishapatana na mwili wake, arosto haimsumbui, halewi, na anaweza kwenda kibaruani. Kesho anarudi tena. Kwa wengi safari hiyo ni ya miaka. (Dawa hii ni ya walioshikwa na heroini na jamii yake, mwenye shida ya pombe au bangi ana matibabu mengine.)

Hapo ndipo sisi watu wa maombi tunapoharibu. Kijana anaombewa kwenye mkesha, anaanguka chini, kukicha anaambiwa: umeshafunguliwa, hiyo dawa ni ulevi mwingine, iache kwa imani. Naye anaiacha. Niseme wazi, ushauri huo unaweza kuua. Mwili uliokaa bila unga na bila dawa hauwezi tena kuhimili kipimo ulichokizoea. Akiteleza siku moja tu na kurudia kipimo kilekile, pumzi inaweza kukata. Hatari hiyo wanayo hata wanaotoka gerezani au soba hausi, zile nyumba za kuachia unga. Wazee wetu wa kanisa wanameza vidonge vya presha kila asubuhi, na sijasikia mtu akiwauliza imani yao iko wapi.

Sipingi maombezi. Naombea vijana hawa, na naamini Mungu aweza kumfungua mtu kwa usiku mmoja. Lakini Mungu huyohuyo alimpeleka Naamani mtoni, na Maandiko hayasemi kama ukoma ulianza kufifia mara ya tatu au ya sita. Na tazameni nani alimshawishi aingie majini. Ni watumishi wake, waliomwita "Baba yangu" na kumbembeleza akiwa amekwisha kugeuka aondoke. Kabla yao alikuwapo yule binti mateka aliyetaja habari za nabii. Bila watu hao wadogo, Naamani angerudi Shamu na ukoma wake.

Basi wiki hii tuombe na mikono ikifanya kazi. Dawa hunywewa hata Jumapili, kwa hiyo anayefika ibadani amechelewa tusimkodolee macho. Kinachowakatisha wengine ni nauli ya kila siku, na hilo diakonia yetu, huduma ya kanisa kwa wahitaji, inaliweza. Kuna mama ambaye angefarijika sana kama mtu angemsindikiza mwanawe siku za mwanzo. Tuwaombee wauguzi wa dirishani, na wale walioteleza, warudi kwenye foleni bila kuona haya. Majina tusiyataje hadharani. Mwenye ombi kwa ajili ya mtu wake amwone mchungaji faragha.