Kitabu cha marejeo cha mtoto nakifungua kwa nyuma

Nikishika kitabu cha marejeo cha mtoto mdogo, naanza na kurasa za mwisho. Jalada limetengenezwa limvute mnunuzi, lakini faharasa ndiyo itakayomtumikia mtoto. Nikiona imeorodhesha mambo ambayo mtoto angeyauliza mwenyewe, kama popo, radi, jino au volkano, naendelea kukikagua. Kisipokuwa na faharasa kabisa nakirudisha rafuni, hata picha zake ziwe nzuri namna gani. Hicho ni cha kutazama tu, mtoto akitaka kutafuta jambo humo hatalipata.

Nafundisha watoto wanaoanza kusoma, na nyumbani ninao wawili wangu, kwa hiyo maswali hayaniishii. Huyaandika daftarini kama yalivyowatoka. Popo ni ndege? Mbona jino linang'oka? Dinosaria waliwahi kuwaona watu? Siku ya kuchagua kitabu, daftari hilo naenda nalo. Nachukua swali moja na kulifuata ndani ya kitabu kama mtoto angelifuata. Kitabu kizuri kitanifikisha kwa popo, kitanieleza kwamba ni mamalia, huzaa na kunyonyesha, kisha kitanielekeza ukurasa walipo mamalia wengine. Aliyeingia kwa popo akajikuta kwa nyangumi ameshaonja utamu wa kutafuta, na sijui zawadi inayoizidi hiyo kwa mtoto wa umri ule.

Kurasa za dinosaria ndizo ninazozikagua kwa ukali zaidi. Kwa kuwa watoto wanawapenda mno, baadhi ya vitabu huwarundika wote kwenye mchoro mmoja, Stegosaurus akipambana na Tyrannosaurus. Stegosaurus aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Tyrannosaurus alikuja kutoweka miaka milioni 66 iliyopita, maana yake yeye yuko karibu zaidi na sisi kuliko na huyo anayechorwa akipigana naye. Mtoto wa miaka sita akishaiona picha ya namna hiyo, kuifuta kichwani mwake kwa maneno ni kazi kubwa. Ndiyo sababu natafuta kitabu chenye mstari wa nyakati, hata uwe mfupi. Nataka pia mtu achorwe pembeni ya mnyama. Sisimizi na tembo wakilingana kwenye ukurasa bila kipimo chochote, mtoto atajuaje?

Kisha natafuta mwaka wa toleo. Kitabu kinachoihesabu Pluto kuwa sayari ya tisa kiliandikwa kabla ya 2006, mwaka ilipowekwa katika kundi la sayari kibete. Atlasi isiyo na Sudan Kusini ni ya kabla ya 2011, na inayoandika Swaziland badala ya Eswatini haijafika 2018. Atlasi kuukuu siitupi, lakini. Naiweka kando ya mpya na kuwaacha watoto wawinde tofauti, na kwa mchezo huo wanajifunza mipaka kuliko ninavyoweza kuwafundisha ubaoni. Ila ramani bapa peke yake hainitoshi. Katika nyingi Greenland huonekana kama inakaribia kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa takriban mara 14. Ukiweza kupata tufe la dunia, hata dogo, liwe karibu na atlasi.

Kamusi nayo ina mitego yake. Mtoto ambaye bado hajui mpangilio wa alfabeti anahitaji ile iliyopangwa kwa mada: mwili, nyumba, wanyama, hali ya hewa. Akishaujua mpangilio, mpe ya alfabeti, lakini kwanza soma fafanuzi tano hivi. Ikisema furaha ni raha, na ukienda kwenye raha ikakurudisha kwenye furaha, iache. Sentensi ya mfano humsaidia mtoto kuliko fafanuzi ndefu. Halafu kuna shida ya Kiswahili chenyewe: mtoto anatafuta meno kwenye M, kumbe yako kwenye jino, anatafuta walicheza kwenye W, kumbe aende cheza. Kamusi ya watoto iliyomwekea hapo hapo kielekezo cha "tazama jino" imetungwa na mtu anayewajua watoto, na mimi huithamini sana.

Ubora wa karatasi sitausemea sana. Hakikisha tu kitabu kimeshonwa, na kikifunguliwa mezani kinalala wazi bila kushikiliwa.

Kwa mwenye uwezo wa kununua kimoja tu, ningesema aanze na ensaiklopidia ya juzuu moja yenye faharasa, na aiweke rafu ya chini kabisa, mtoto aifikie bila kuomba. Kamusi ifuate atakapoanza kuandika sentensi zake mwenyewe.