Kiatu cha kulia kilikuwa hakiingii kwenye pedeli, wiki tatu nzima

Habari zenu wapendwa. Leo nataka niongelee viatu vya baiskeli vya kliti, vile vinavyojifunga kwenye pedeli, maana kwenye kundi letu la baiskeli la Jumamosi haipiti wiki bila mtu mmoja kubaki pale tunapoanzia anahangaika na mguu, wenzake wameshafika mbali yeye bado anakanyaga kanyaga pedeli inamteleza tu. Na wengi wakishasumbuka mara mbili tatu viatu vinaingia chini ya kitanda, wanarudi kwenye raba za kawaida, hela imeshapotea. Inaniuma kweli, kwa sababu mara nyingi kinachozuia ni kitu kidogo sana, na mimi mwenyewe kilinichukua wiki tatu kukiona.

Kwa ambao hamjawahi kuvishika: chini ya soli, hapo kwenye kikanyagio cha mbele, kuna kipande cha chuma kimefungwa kwa boliti, hicho ndo kliti. Ina pua mbele na mkia nyuma. Pedeli nayo mbele ina chuma kilichotulia hakichezi, nyuma ina taya yenye springi. Unaingiza pua kwanza, unashusha uzito, taya inarudi nyuma kidogo afu inajifunga, unasikia ta! Kutoka unazungusha kisigino kwenda nje. Basi. Waliozileta pedeli hizi kwenye mbio za barabarani ni kampuni ya LOOK ya Ufaransa mwaka 1984, na hawa walikuwa watengenezaji wa vishikio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Bernard Hinault akashinda mbio za Tour de France akiwa nazo mguuni. Kile kishikio cha theluji kazi yake ni kushika mguu na pia kuuachia ukianguka usivunjike, na pedeli zetu zimerithi hiyo tabia, yaani haikutengenezwa ili uilazimishe. Ukiona unatumia nguvu nyingi kuingia ujue kuna kitu kimesimama katikati.

Sasa viatu vyangu. Nilivipata Karume hapa Dar kwenye mitumba, namba 39, soli ngumu yenye meno makubwa ya raba, vile vya baiskeli za milimani, vimetunzwa vizuri kabisa. Kliti za zamani zilikuwa zimelika nikazitoa nikafunga mpya za SPD, zile za boliti mbili za Shimano, kampuni ya Japani ya vipuri vya baiskeli. Kushoto ikaingia siku ya kwanza bila shida. Kulia ikagoma. Sio kwamba haiingii kabisa, ingekuwa haiingii kabisa ningejua mapema, ila inaingia mara moja kati ya tano, na hiyo moja mpaka nisimame juu ya pedeli nikandamize kwa uzito wote.

Pale taa za Mwenge ndo niliogopa. Taa imeruka kijani, nimesukuma kwa kushoto, kulia nimekanyaga haikushika, mguu ukateleza mbele ya pedeli, baiskeli ikayumba kuelekea kwenye bajaji iliyokuwa pembeni yangu. Dereva alifunga breki akaniambia dada pole, taratibu. Nilishuka nikaikokota mpaka upande wa pili mikono inatetemeka.

Nikaenda kwa fundi. Fundi mzuri tu, cheni na breki anajua sana, lakini viatu hivi kwake vinakuja mara chache. Akaniambia "dada hii springi imekaza sana," akachukua alenki (ule ufunguo wa pembe sita) ya milimita 3 akalegeza. Pale nyuma ya taya kuna skrubu ndogo, ina alama ya kujumlisha na kutoa, ukiizungusha unasikia vimlio vidogo vya tik tik. Akalegeza tik tik tik mpaka mwisho. Kuingia hakukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kutoka, Jumamosi yake tunapanda Pugu kwenda Kisarawe, nimesimama navuta pedeli kwenda juu, mguu wa kulia ukachomoka wenyewe katikati ya mlima, goti likagonga fremu. Lile goti lilivimba siku mbili.

Kwa hiyo hapo nilijifunza kitu kuhusu ile skrubu, naomba nikiseme vizuri kwa sababu kila mtu anaanza nayo. Springi ikikaza zaidi kuingia kunakuwa kugumu kidogo na kutoka kunakuwa kugumu zaidi, hiyo ni kweli, na mtu anayeanza ni vizuri alegeze. Ila kama umeshalegeza karibu na mwisho na bado haiingii, tatizo haliko kwenye springi, rudisha. Usizungushe tu mpaka itoke maana kibati cha ndani kinaweza kuachia. Na hizi SPD za pande mbili zina skrubu nne, mbili kila pedeli, watu wanarekebisha upande mmoja wanasahau kwamba pedeli inageuka, leo umeingia rahisi kesho umeingia upande wa pili unashangaa mbona ngumu. Zihesabu tik tik zake, zote nne ziwe sawa.

Aliyenitoa kwenye shida ni mzee mmoja tunaendesha naye, amestaafu, ana subira ya ajabu. Tumefika Kisarawe tumekaa tunakunywa chai nikamwonyesha goti. Nikamwambia mzee shikamoo yangu ya pili hii, nisaidie, kiatu hiki kitaniua. Akaitikia marahaba akacheka, afu hakugusa pedeli kabisa. Akasema "kigeuze nikione." Akakishika kiatu akakiangalia chini muda mrefu, akapitisha kidole gumba pembeni ya kliti, akaniuliza "nyumbani kuna chaki?" Nikamwambia ipo, wanangu wanachorea ukuta kila siku. "Basi paka chaki kwenye pedeli yote, kanyaga, halafu angalia soli. Sehemu iliyopata chaki ndiyo inayogusa."

Jioni hiyo hiyo nikaegemeza baiskeli ukutani uani, nikapaka chaki nyeupe kwenye pedeli, kwenye taya na kwenye kile kiwiliwili cha pembeni, nikavaa kiatu nikaweka pua ya kliti mbele nikakandamiza. Haikuingia kama kawaida yake. Nikakivua nikakigeuza kwenye mwanga wa taa. Kliti ilikuwa nyeusi, karibu haina chaki. Chaki yote ilikuwa kwenye yale meno ya raba, jino moja la upande wa ndani lilikuwa jeupe pee na la nje nusu. Yaani soli ilikuwa inafika kwenye pedeli kabla ya kliti! Nilikuwa nakandamiza raba wiki tatu zote, chuma hakijafika kwenye chuma.

Nikafanya na kushoto, chaki ikaja kwenye kliti vizuri. Nikaviweka viatu viwili sambamba, na hapo ndo nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku navinunua: meno ya kushoto yamelika, ya kulia bado mapya. Aliyekuwa navyo kabla yangu huko alikokuwa, kila akisimama alikuwa anashusha mguu wa kushoto, anakanyaga lami na kushoto, anasukumia na kushoto. Miaka yote hiyo amesaga raba ya kiatu kimoja na cha pili hakijakanyaga chini karibu kabisa. Sijui kwa nini lakini nilifurahi sana kuligundua hilo, nikakaa nimeshika vile viatu kama nimepata barua ya mtu.

Kurekebisha kuna njia mbili. Moja ni kuinua kliti, kuna vibati vyembamba vya kuweka chini yake, milimita moja inatosha kabisa kuleta tofauti. Ya pili ni kukata raba, na ndo niliyofanya. Nilichukua kisu kile cha kukatia makaratasi chenye wembe mpya, nikawa nakata kijipande, napaka chaki, nakanyaga, naangalia, nakata tena. Usikate yote kwa mara moja tafadhali, raba haioti, na ukikata sana kliti itakuwa ndo inagusa sakafu ukitembea, utateleza kwenye marumaru kama sabuni na chuma kitalika haraka. Nilitoa kama milimita mbili upande wa ndani, nje kidogo tu. Mara ya nne au ya tano nakanyaga: ta! Nikatoka, nikaingia, ta! Mwanangu akatoka ndani kuniuliza mama unavunja nini.

Kabla ya kukata lakini ningeomba uangalie kliti imekaa wapi, maana ukiisogeza sana kwenda ndani au nje inasogea karibu na raba ya upande mmoja, wakati mwingine kuirudisha katikati peke yake inatosha. Kulegeza ni alenki ya milimita 4, na kwanza chokoa mchanga kwenye kichwa cha boliti kwa sindano au kijiti, alenki ikae mpaka chini kabisa, vinginevyo kichwa kitalika na hapo ni kazi nyingine. Hapa Dar chumvi ya bahari inashika boliti haraka mno. Mimi zangu napaka grisi kidogo kwenye nyuzi za boliti kabla ya kufunga, afu nakaza mpaka Nm 5 hadi 6 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kama huna spana ya kupimia basi kaza vizuri kwa mkono mmoja kwa kutumia upande mfupi wa alenki na ukaangalie tena baada ya safari ya kwanza. Kliti iliyolegea nayo inafanya kuingia kuwe kugumu, inazunguka na mguu, na kibaya zaidi kutoka kunakuwa hakuna, unazungusha kisigino kliti inabaki pale pale. Hiyo ndo ya kuogopa kuliko zote.

Mchanga nao. Ukienda Kigamboni ukashuka ukatembea mita chache tu kwenye mchanga wa bahari, unajaa pale nyuma ya kliti na kwenye taya. Hapo gonga kiatu kwenye pedeli mara mbili, ukifika nyumbani mswaki wa zamani na maji. Mafuta weka kidogo sana, yale mepesi ya cheni, kwenye springi na pale kliti inapoteleza, kisha futa. Oili ya gari hapana, niliwahi kuweka, ikanasa vumbi lote la barabara ya Bunju ikawa kama ugoro mzito, springi ikawa inarudi polepole.

Kuna kaka mmoja kwenye kundi yeye ni wa baiskeli za barabarani, kliti zake za plastiki za boliti tatu. Alinunua kiatu kina kliti tayari, haziingii, akafikiri anakosea kukanyaga. Kumbe kliti ni Keo za LOOK, pedeli ni SPD-SL, zile za barabarani za Shimano. Matundu ya kwenye soli ni yale yale matatu ndo maana inachanganya, kwa macho zinafanana, lakini hazishikani. Na hata za LOOK kwa LOOK, Delta za zamani na Keo haziendi pamoja. Kwa hiyo ukinunua mtumba wenye kliti usiamini tu, soma maandishi yaliyopo kwenye kliti na kwenye pedeli. Za SPD-SL rangi nazo zinasema kitu: njano inakupa digrii 6 za mguu kucheza kabla ya kuachia, bluu 2, nyekundu hakuna kabisa. Mtu anayeanza namshauri njano, mguu haulazimiki kuwa umenyooka sawasawa, na zile pembe za njano zikilika mpaka ukaona nyeusi ya chini badilisha, pua iliyolika haishiki.

Na kwa hizo za barabarani pedeli inashika upande mmoja tu, ikiachiwa inaning'inia nyuma iko chini, pua iko juu. Ndo unaidaka kwa ncha ya kiatu ukisogeza mbele kidogo kabla ya kukandamiza. Kama pedeli yako haining'inii hivyo, inabaki popote inapotaka, beringi zimekauka au zimejaa uchafu, zikaguliwe, hapo hata mguu ukiwa fundi namna gani utakuwa unakanyaga mgongo wa pedeli.

Ya mwisho ni ya mguu wenyewe. Mguu wa kwanza ingiza ukiwa umesimama chini, inua pedeli hiyo mbele juu kidogo, sukuma, kaa kwenye siti, ndipo utafute pedeli ya pili ikiwa inapita juu. Ikikataa endelea tu kupiga pedeli kwa mguu ulioingia, jaribu tena mzunguko unaofuata, usiinamishe kichwa kuangalia chini barabarani. Mimi nilifanya mazoezi uani nimeshika ukuta, kila mguu mara hamsini kila jioni, kwa siku nne.

Jumamosi iliyopita tulienda tena Kisarawe, kulia imeingia kila niliposimama isipokuwa mara moja pale Gongo la Mboto kwenye matope. Meno ya kushoto yamebaki mafupi na kulia bado marefu kidogo, kwa hiyo nimeanza kushusha mguu wa kulia kwenye mataa, najizoesha. Mzee yeye ameomba nimletee kile kipande cha raba nilichokata akione.